Sanduku la Futi za Owuor

Mwaka wa hamsini na nne Owuor alikuwa seremala katika karakana moja ya Nakuru, na chini ya kitanda chake aliweka sanduku la takataka za Wazungu. Ndivyo mkewe Anyango alivyoliita. Lilikuwa na futi kumi na moja, zile za mbao za kukunja na kutia mfukoni, ambazo wasimamizi walizitupa zilipochakaa. Owuor aliziokota jalalani, akazisugua, akakaza bawaba zake za shaba. Alijua uwongo wa kila moja: hii imelika, ile imepinda. Kwa hiyo hakupima kuanzia ncha hata siku moja. Alianzia inchi ya kwanza, kisha akaitoa mwishoni. Na kila mlango alioumaliza aliuchonga herufi O kwenye ukingo wa chini. Kwa O hiyo alijulikana mpaka Mau Narok.

Akaja msimamizi mpya, kijana wa Kizungu mwenye makelele. Ikaagizwa milango arobaini ya bweni la shule huko Molo. Msimamizi alikata kigezo mwenyewe, ule ubao ambao milango yote hufuata, naye akaanzia kwenye ncha iliyovunjika ya futi yake. Owuor aliona kasoro. Kesho yake akaja na sanduku zima, maskini, akidhani mtu akionyeshwa kosa hushukuru. Akazipanga futi zote kando ya kigezo, karakana nzima ikitazama.

"Bwana, hii kigezo ni fupi. Nusu inchi."

Msimamizi akaiva mpaka masikio. "Wewe naiba hizi wapi?"

Hakungoja jibu. Alizitupa zote kwenye moto wa boila, akaamuru milango ikatwe vilevile, tena kila mmoja uchongwe alama ya fundi. Owuor alichonga O arobaini, na kila moja ilimchoma moyo. Angekataa, angefukuzwa.

Baridi ya Molo haina adabu. Ilipopenya bwenini chini ya milango, walimu waling'oa mlango mmoja wakaiona O. Barua ikaja, na Owuor akafukuzwa vilevile.

Alibisha hodi Njoro, Elburgon, Mau Narok. Kote habari zilimtangulia. Karani wa shamba la mwisho hakuwa mtu mbaya, alimpa jembe.

"Useremala hapana, mzee. Si wewe ndiye yule Owuor hajui kupima?"