Nilivyoistaafisha Python ya Zamani

Chekeni tu, mna haki, kwa sababu hata mimi nikikumbuka ile Jumapili nabaki nimejifunika uso na mikono, na aibu yenyewe sikuletewa na mtu, niliipika mwenyewe na nikajipakulia.

Mimi huandika programu chumbani kwangu Kianda, na kuna moja niliyowaachia watu wote, yaani yeyote aichukue bure, aifungue, airekebishe apendavyo. Kazi yake ni kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani, mstari unaoimbwa ukiwaka njano ili watu wajue wimbo umefika wapi. Nimeiandika kwa Python, na lugha hizi za kompyuta hutoka mpya kila mara, ya zamani ikichakaa sisi waandishi huacha kuihudumia, maana kuandika programu itakayoelewana na zote mbili ni sawa na kupikia nyumba mbili kila siku, na mimi nilikuwa nimechoka.

Lakini nina kiherehere cha kutaka kujua. Nikawa najiuliza, hivi ni nani hasa bado ana Python ya zamani, anaishi wapi, kompyuta yake inafananaje? Nikaweka tangazo kwenye ukurasa wa programu kwamba anayeitumia ajitokeze. Wiki mbili zikapita, kimya. Nikaona basi kimya ni ruhusa (aliyenifundisha hivyo simjui), Jumamosi mchana nikafuta yote yaliyohusu Python ya zamani, nikatoa programu mpya, halafu nikaenda zangu soko la Toi kutafuta shati la kesho.

Kesho hiyo nilikuwa nimealikwa Kawangware na shangazi Nafula, kiongozi wa kwaya kanisani kwao. Ilikuwa siku ya shukrani ya Baba Ouma, fundi wa masanduku ya bati ambaye kelele za nyundo zilimmaliza masikio, na kwa mara ya kwanza tangu awe kiziwi angeongoza wimbo, akifuata ile njano ya ukutani. Alikuwa amejiandaa mwezi mzima. Shangazi akashika maiki kwa fahari: "Hii kitu ya ukuta ilitengenezwa na mtoto wa ndugu yangu. Kevo, simama wakuone!" Nikasimama, nikapunga na mkono (mnaona nilivyokuwa nimevimba kichwa).

Sasa, ile kompyuta ya kanisa niliiweka mimi miaka iliyopita, nikaipanga ijiletee programu mpya kila inapowashwa, nikasahau kabisa kwamba ndani yake mna Python ileile ya zamani. Na kuna mstari mmoja ambao mtu huandika akitaka kuistaafisha Python ya zamani, wa kuzikataza kompyuta za namna hiyo zisichukue programu mpya. Mstari mmoja tu. Sikuuandika.

Kompyuta ikawashwa, ukuta ukajaa maandishi ya makosa kwa Kiingereza kutoka juu hadi chini. Pasta akafinya macho, akasoma kwa sauti: "Syntax error... Wapendwa, hii ni namba ngapi kwa kitabu?" Kanisa zima likaangua kicheko. Mpiga kinanda akanigeukia: "Buda, si tumeambiwa ni wewe umeitengeneza?"

Nikakimbia mbele, nikaanza kuipa kompyuta Python mpya, kompyuta ikakataa kwa uzee wake, nikajaribu tena na tena huku kila ninachoandika kikionekana ukutani pamoja na makosa yake, hadi mama mmoja wa kiti cha pili akaniita, "Hiyo umeandika mara mbili, baba!"

Kwaya, ambayo wimbo iliujua kwa kichwa, ikaamua kuanza. Baba Ouma akaona midomo inatembea, akaimba mstari wa kwanza, akangoja njano, njano haikuja, akaimba wa pili wenzake wakiwa wameshafika kwenye kiitikio. Watu wakaangaliana. Akashusha maiki, akainama. Niliumia sana kumwona vile.

Nikaiacha kompyuta, nikampokonya shangazi kitabu cha nyimbo, nikasimama mbele ya mzee nikipitisha kidole chini ya maneno kadiri kwaya ilivyoimba. Nyimbo zenyewe sizijui vizuri, kuna mahali nilifunua kurasa mbili pamoja, mzee akanichapa kofi mkononi, akairudisha mwenyewe. Lakini "Amina" ya mwisho aliisema pamoja na kwaya.

Baadaye kiherehere kikanirudia, nikamwandikia mzee kwenye simu: kama husikii, unaimba kwa nini? Akasoma, akanijibu kwa sauti ya juu, kanisa lote likisikia: "Kukosa kuskia nilishazoea. Shida yangu ni kumaliza peke yangu."

Nilikaa benchi ya nyuma nikairudisha Python ya zamani kwenye programu, shangazi amenisimamia mikono kiunoni. Wale waliolikalia kimya tangazo langu hawakuwa wamekubali, hata hawakujua kuna mtu amewauliza. Siku nikitaka kuistaafisha tena, nitabeba mgongoni kompyuta nyingine yenye Python mpya, nitoke Kianda kwa miguu mpaka Kawangware, niiwashe mbele ya Baba Ouma, aimbe beti zote na wenzake mpaka mwisho, ndipo nifute.