Pole, Mwalimu

Mimi hushona yunifomu kwenye baraza la nyumba yetu hapa Bondeni, Nakuru, na shule zikifunguliwa, wazazi hunipitia mimi kabla hawajamwona mwalimu. Kwa hiyo mambo ya shule nayajua. Kikuyu nilikinyonya, Kikalenjin nilikiokota utotoni kule Rongai, na Kijaluo nimefundishwa na majirani, hasa matusi yake. Akija mama kutoka Turkana, au Sudan Kusini, ambaye hajawahi kukanyaga shule ya huku, namkalisha kwenye stuli, namzungushia mwanawe futi kiunoni, na huku namweleza: lango hufungwa saa ngapi, mikutano ya wazazi ni ya nini, mwalimu gani anasikia na gani hasikii. Sikutumwa na mtu. Nina kiherehere cha kuzaliwa na sijawahi kukijutia.

Somo langu kubwa lilikuwa hili: ukiitwa shule, anza na pole.

Sisi wa huku tumelelewa hivyo. Ukiambiwa, "Kesho usikuje bila mzazi," ujue umevunja dirisha au umemng'ata mtu. Mama yangu alipoitwa, alivaa leso yake ya kanisani, akaingia ofisini akiomba msamaha kabla hata ya kuonyeshwa kiti, na njiani alikuwa ameshanipa kichapo changu. Simjui mzazi wa Nakuru aliyewahi kuitwa shule akatoka nyumbani anatabasamu.

Basi akahamia ploti yetu ya vyumba vya kupanga mama mmoja kutoka Bukavu, Kongo, na binti yake wa miaka kumi. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wake, na cha kwetu kilimpita mbio. Binti alikuwa amesoma kwao kwa Kifaransa. Hapa akaingizwa Gredi ya Nne, dawati moja na kijana wangu, kitinda mimba, ambako karibu kila kitu ni Kiingereza. Mtoto akanyamaza. Nilimshonea sketi yenye pindo pana ya kukulia, nikampenda kwa alivyosimama wima akipimwa, lakini neno sikumtoa.

Jioni moja akarudi na ujumbe kwamba mwalimu anamtaka mzazi. Kijana wangu akamalizia habari.

"Mathe, wanataka kumrudisha Gredi Two. Mwalimu amesema hajui maths."

Mama mtu akakaa kwenye stuli yangu pu! Mtoto mrefu vile, aketi na watoto wanaong'oka meno?

"Atakufa na haya," akasema. "Ataacha masomo. Mimi namujua."

Niliogopa kwa ajili yake, kwa sababu niliona ndivyo itakavyokuwa.

"Tutaenda pamoja," nikamwambia. "Wewe sema pole, angalia chini, kubali kila kitu. Kubembeleza niachie mimi."

"Pole juu ya nini?"

"Juu umeitwa!"

Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa viazi vilivyooza.

Asubuhi akatoka amevaa kitenge cha harusi, kilemba kimesimama. Nikamsihi avue kilemba angalau, tusionekane tumekuja na kiburi. Akakataa katakata.

"Naenda kwa mwalimu wa mtoto yangu. Nivae nini, nguo ya kufulia?"

Mwalimu wa hesabu ni mtu wa Molo kwenye baridi, na sweta ya Molo haivui hata Nakuru jua likiwaka. Si mtu mbaya. Ana watoto wengi tu kuliko madawati. Alitukaribisha darasani wakati wa mapumziko, tukajikunja kwenye viti vya watoto, magoti karibu na kidevu. Nikaanza kazi yangu.

"Pole sana mwalimu, tunajua tumekusumbua, huyu mama ni mgeni..."

"Jambo, mwalimu," mwenzangu akanikata. Akasimama, akampa mkono, akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, moja moja, akingoja kila jibu. Mwalimu akajibu zote, nadhani akajishangaa. Ndipo mama akaketi. "Sasa. Mtoto yangu alikosa nini?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Hajakosa, mama," mwalimu akasema. "Lakini kugawanya hajui. Nikimpa sums anaandika vitu juu chini. Nikimuuliza, kimya."

"Mumupatie chaki."

Binti akaitwa kutoka uwanjani. Mwalimu akamwandikia ubaoni: mia moja hamsini na sita, gawanya kwa kumi na mbili. Mtoto akachora mstari wa kusimama, akaiweka ile kumi na mbili upande wa kulia, na huku kwetu hukaa kushoto. Akaanza kuteremka na hesabu yake. Mwalimu alikuwa amekaza macho juu, pale jibu letu linapokaa. Palikuwa patupu. Akaanza kutikisa kichwa, nami nikaanza kufungua mdomo niseme pole.

"Jibu iko chini," binti akasema. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema sentensi nzima. "Kwetu tunaandikaka chini."

Kweli, chini ya ile kumi na mbili palikuwa na kumi na tatu. Mwalimu akachukua chaki, akafanya yake kando kwa njia yetu, akapata kumi na tatu, juu. Akampa nyingine ngumu zaidi. Akaipata nayo. Mwalimu akacheka, akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Kumbe siku zote nabisha mlango ambao si wake! Huyu haendi popote. Kiingereza kitakuja."

"Na mimi nifanye nini nyumbani?" mama akauliza.

Swali hilo sikuwa nimewahi kumfundisha mzazi yeyote. Mwalimu akavuta kiti, akamweleza mpaka kengele ikalia.

Muhula uliofuata nikaitwa mimi. Kijana wangu aliapa hajafanya kitu. Nikamvuta sikio njiani hata hivyo, nikajifunga leso ya kanisani. Mama wa Kongo akanisindikiza, kilemba juu.

"Pole sana mwalimu," nikaanza mlangoni, "huyu mtoto hata nyumbani..."

Kiwiko kikaniingia mbavuni. "Uliza kwanza!"

Nikauliza: "Mwalimu, amekosa nini?"

"Hajakosa. Amekuwa akimfundisha jirani yake wa dawati Kiingereza, kila break, bila kuambiwa. Na yule amemfundisha division. Nilikuita nikushukuru."

Nikamtazama kijana wangu, na mkono wake bado uko kwenye sikio. Miaka yote hiyo nimefundisha wazazi kumwambia mwalimu pole.

"Pole," nikasema, na nilikuwa namwambia mtoto.