Namba ya Kisima Chetu

Chuoni kulikuwa na spektrofotomita moja, nasi tulikuwa darasa zima. Hiyo ni mashine inayosoma rangi ya maji ikatoa namba. Unatia maji kwenye kichupa cha kioo kiitwacho kuveti, unakipangusa, unakiweka ndani, unafunga kifuniko, unanyamaza. Kunyamaza hakumo kwenye maelekezo, ila mwalimu wetu aliionea uchungu kuliko mwanawe wa kumzaa. Ukipumua karibu nayo, atakuuliza kama wajua kuitengeneza.

Wiki ya kupima naitreti tuliambiwa kila mtu aje na maji ya kwao. Naitreti ni uchafu ambao mara nyingi hutoka vyooni ukapenya mchangani, na hauna ladha wala harufu. Mimi nilikuja na chupa ya maji ya kisima chetu cha nyumbani Mjambere, tena kwa maringo. Marehemu babu alikichimba kiwe sadaka: madamu watu wanakunywa, thawabu zamfuata kaburini. Bibi hakuruhusu mtu asahau hilo. Kila aliyekuja kuteka aliambiwa, "Kunywa, mwanangu, umuombee."

Basi nikatia dawa, ile inayoyafanya maji mekundu kadiri naitreti inavyozidi. Maji ya wenzangu yakawa na uwaridi wa kukisia. Yangu yakawa mekundu kama sharubati ya dukani. Mwalimu akaitazama namba, akanitazama mimi.

"Umeacha alama za vidole kwenye kuveti. Rudia."

Nikarudia. Namba ileile.

"Haya umeyateka wapi, chooni?"

"Kwa bibi yangu."

Darasa likacheka mpaka mwalimu akalinyamazisha kwa ajili ya mashine. Mimi nilikasirika, wallahi. Nikaosha vyombo vyote upya, nikamwambia apime mwenyewe. Akapima. Safari hii hakusema neno la vidole. Aliniuliza kwa upole kama nyumbani kuna mtoto mchanga, maana naitreti huwadhuru wachanga kwanza. Nikamwambia hakuna. Akasema afadhali, lakini maji hayo watu wasiyanywe tena.

Nilimkuta bibi jikoni akichambua mchicha. Nikampa shikamoo yake, nikakaa, nikaanzia mbali, kwenye mawimbi ya mwanga. Aliniacha nikayamaliza mawimbi yote.

"Sasa sema. Maji yana nini?"

"Yana uchafu wa choo, bibi. Ya kufulia yafaa. Ya kunywa hayafai."

"Toba!" Akaweka mchicha chini. Kupitia mlango wa uani aliangalia kisima, kisha vyumba vya wapangaji nyuma yake, alivyovijenga mwenyewe baada ya kufiwa, kisha choo chao, ambacho hakiko mbali na kisima hata kidogo. Nilipita hapo kila siku ya maisha yangu na elimu yangu yote, wala sikuwahi kuliona hilo.

"Choo kile ni changu," akasema. "Kwa hivyo ni mimi niliyemkatia thawabu zake."

Roho iliniuma. Nilitafuta la kumwambia, nikapata moja tu.

"Bibi, mashine haisemi uchafu ni wa choo cha nani."

Hilo ni kweli, ndivyo tulivyofundishwa.

"Ina adabu, hiyo mashine yenu." Akavuta upande wa leso, akajifuta uso. "Babu yako alikuwa hataki choo pale. Mimi nikangoja azikwe."