Masikio na Kifua cha Mama Mdogo

Darasani binti huyu walimwita Masikio, na jina likamkaa. Katika chumba cha mazoezi cha chuo cha udaktari lililala sanamu la mpira, kifua wazi, ambalo wanafunzi walilibatiza Mjomba. Mwalimu akibonyeza kompyuta, Mjomba anaugua moyo. Akibonyeza tena, kapona. Wagonjwa wote wangekuwa hivyo, madaktari wangekufa njaa.

Masikio alimwekea Mjomba kifaa cha kusikilizia, na wenzake wakiwa bado wanakunja mikono ya makoti, yeye keshataja vali ya moyo inayovuja au iliyobana. Siku ya mtihani alipigiwa makofi. Kumbe kila sauti ya Mjomba ilikuwa imerekodiwa, na kila rekodi ilikuwa na kasoro yake. Ya vali inayovuja ilianza na mkwaruzo. Ya vali iliyobana ilikuwa na mvumo wa feni kwa mbali. Masikio alizijua rekodi. Mioyo hakuijua, na hakujua kwamba haijui.

Likizo ikamrudisha kwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki. Mwanamke yule, ambaye zamani alifua huku akigombana na mtaa mzima, sasa akipanda ngazi anasimama katikati na kuhema.

"Mama mdogo, twende hospitali."

"Hospitali ya nini, na daktari ninaye ndani? Nipime wewe. Ukisikia ugonjwa, nakwenda leo hii. Usiposikia, usinisumbue tena."

Akafungua vifungo vya blauzi, akakaa wima kama anayepigwa picha.

Masikio akasikiliza. Akasikia pumzi, tumbo likinguruma, nguo ikisuguana na kifaa. Moyo ulidunda huko chini, mbali. Akangoja mkwaruzo, haukuja. Akangoja feni. Akamwambia azuie pumzi, naye akaizuia mpaka akakohoa. Hofu ikamshika binti wa watu.

"Sisikii vizuri."

"Husikii kwa sababu hakuna kitu."

"Hapana, mama. Sijui kusikiliza. Namjua Mjomba tu."

"Mjomba yupi tena?" Akacheka mpaka akashika ubavu. "Upigiwe makofi darasani, halafu useme hujui!"

"Basi ninasikia. Una ugonjwa. Twende."

"Mwongo. Nimekulea mwenyewe, ukidanganya pua inakucheza." Akafunga vifungo. "Tulikubaliana, yamekwisha."

Masikio akabembeleza, akalia, akapiga magoti. Alikuwa kama anayetwanga maji kwenye kinu. Mama mdogo alishafika dirishani anatangaza: "Jirani! Daktari wangu kanipima! Moyo mzima kama wa msichana!"

Haukupita muda, jirani akaingia bila hodi, mama mtu mzima, miguu imevimba, kitambaa cha jasho mkononi. Akavuta kiti, akakaa mbele ya Masikio, akaanza kufungua vifungo.

"Nipime na mimi, mwanangu," alisema. "Kesho nilikuwa niende hospitali, lakini sasa naona haina haja."