Chumvi ya Tope la Mikoko

Nilileta Dodoma bomba lililojaa tope la mikoko kutoka pwani, nimelipakata ndani ya basi kama mtoto mgonjwa. Jirani yangu alihama kiti kwa sababu ya harufu. Sikumlaumu, ingawa utafiti wangu wote wa shahada ya pili ulikuwa humo.

Maabara ya chuo ilikuwa imefungwa mwisho wa wiki, nikalipeleka nyumbani Mkonze. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa amekuja kutoka Bahi kunitembelea. Nilikata tope vipande, nikavipanga kwenye masinia kwa tabaka, kila tabaka na sinia lake: la juu ndilo jipya, la chini la zamani. Nikamweleza kwamba bahari inapanda, na mizizi ya mikoko hunasa tope ili msitu nao upande. Tope likichelewa, miti inazama. Nilitaka kujua nani anamshinda mwenzake. Akasema tope lililofika Dodoma limeshashinda.

Jumapili nikaenda kanisani. Niliporudi, masinia yalikuwa yameoshwa, yanang'aa. Sasa, kwao Bahi wanawake hupika chumvi: huchuja maji kwenye udongo wa mbugani, kisha huyachemsha mpaka yakauke. Tope langu lote lilikuwa kwenye ndoo yangu mpya, aliyoitoboa kwa msumari, na mezani palikuwa na kisosi cha chumvi ya kahawia na bakuli la mlenda.

Nililia, mtu mzima na digrii yangu. Mama mkubwa akanisogezea bakuli.

"Mwanangu, si ulitaka kujua nani anashinda? Nimeonja kila sinia. La juu chumvi kali, la chini unaitafuta kwa ulimi. Bahari inashinda."

Mlenda ulikuwa mtamu, na hilo lilinikera zaidi.

Msimamizi wangu alikataa kuupokea ulimi kama kifaa cha maabara. Nikarudi pwani kuchimba tope jingine. Baada ya miezi kadhaa vipimo vikatoka: tope linapanda, ila bahari inalipita, na chumvi imezidi kwenye tope la juu.

Nikampigia mama mkubwa, nikitegemea atajisifu. Hakujisifu. Aliuliza kama huko kwenye mikoko kuna wanaolima mpunga. Nikasema wapo wengi.

"Umeshawaambia?"

Nikasema kwanza natakiwa kumkabidhi msimamizi matokeo.

"Kwani yeye analima nini?"