Kilti ya Marehemu na Kibindo Changu

Mwanamume aliyekulia Mombasa haoni ajabu kuvaa nguo isiyo na miguu miwili. Kikoi nimekivaa Maskati nilipokuwa nafagia ghala, nimekivaa Rotterdam katika chumba ambacho dirisha lake halikufungika, na nilipohamia Birmingham nilikivaa jikoni kwetu Small Heath theluji ikianguka nje, soksi mbili mbili miguuni. Kwa hiyo Mskoti niliyefanya naye kazi karakana moja kule Tyseley aliponiomba nivae kilti siku ya harusi yake, sikushtuka. Nilidhani najua zaidi yake.

Alitaka niwe msimamizi wake na nimshikie pete. Nilimuuliza kwa nini mimi, na marafiki anao tele. Akasema marafiki zake wote ni walevi, mimi ndiye pekee nisiyekunywa, basi kwangu pete haitapotea.

Wiki ya harusi mama yake alishuka kutoka Uskoti na sanduku. Alikuwa kikongwe mfupi, mgongo umenyooka, macho yake yakikupima kama fundi cherehani. Ndani ya sanduku mlikuwa na kilti ya marehemu mumewe, sketi ya sufu ya miraba yenye marinda nyuma, nzito kama zulia la msikitini. Chini yake ulilala mkoba wa manyoya wenye mnyororo. Unafungwa kiunoni na kuning'inia mbele, chini kidogo ya kitovu. Waskoti huuita sporani, na kwa kuwa kilti haina mifuko, humo ndimo mwanamume huweka vitu vyake.

Niliupenda. Niliyasifu manyoya yake, nikaufungua nione ndani. Bibi akafurahi, akaniambia niguse bitana. Ni ngozi ya nguruwe, akasema, safi kabisa, haichaniki maisha.

Nikaurudisha sandukuni kwa ncha za vidole, kama mtu anayemlaza mtoto wa watu. Mskoti alielewa mara moja, kwa kuwa tumekula pamoja miaka mingi na anajua sambusa zangu zina nini na hazina nini. Akamweleza mamake. Bibi hakukasirika kwa ajili ya dini, maana alisema hata yeye ana vitu asivyogusa. Kilichomkera ni mbele yangu kubaki patupu.

"Kijana," aliniambia, "kilti bila sporani ni sketi tu. Na pete yangu utaiweka wapi?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba pete yenyewe ilikuwa yake, aliyovishwa na marehemu, na sasa anampa mkwewe. Alikuwa ameishika kiganjani, hajaamua kuiachia.

Nikamweleza habari za kibindo. Kwetu, nilimwambia, mtu akishavaa kikoi hukunja ukingo wa juu kiunoni, na katika ule mkunjo huweka anachotaka. Marehemu babu yangu alitembea na dunia yake yote kibindoni, yaani ugoro, ufunguo wa duka na meno ya bandia, na hakupata kuangusha hata kimoja. Bibi alinitazama sana. Halafu akanipa pete, akanifumba vidole kwa mkono wake mwenyewe.

Marehemu alikuwa mtu wa tumbo. Asubuhi ya harusi nilifunga kilti mpaka tundu la mwisho la mkanda na bado ilicheza kiunoni. Sikuhangaika. Nilikunja ukingo wa juu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, ikashika, nikachomeka pete katikati. Mke wangu, ambaye ni Mzanzibari na hana haraka ya kusifu, alikaa kitandani akiniangalia.

"Karibu, mwenzangu," akasema. "Lakini magoti yako yanaonekana mpaka mapajani. Na hilo si kikoi, hilo blanketi. Blanketi halishiki kibindo."

Nikamwambia aniachie mambo ya wanaume. Akafungua kabati, akatoa kipochi chake cha shanga nyekundu na kijani chenye kamba ndefu, akasema nikifunge kiunoni nitie pete humo. Nilikataa. Mwanamume hawezi kubeba kipochi cha kike, nilimwambia, nimesimama mbele yake na sketi. Hakubishana, alinilazimisha tu kuvaa bukta ndani, bukta ya buluu ya timu ya karakana.

Kwenye ofisi ya ndoa nilikaa mstari wa mbele, magoti yamebanwa. Msajili aliposema tusimame, nilihisi kiuno kimepata nafuu, kama mtu aliyelegeza mkanda baada ya pilau. Halafu kitu cha baridi kikateleza pajani. Kikapita goti bila kusimama, kikaingia ndani ya soksi ndefu ya sufu na kutua kwenye kifundo cha mguu.

Msajili akaomba pete. Bi harusi akanyoosha kidole. Mimi nikatia mkono kibindoni ingawa nilijua hamna kitu, kwa heshima ya babu.

Hakukuwa na njia nyingine ila kuinama. Niliinama, na sufu ya marehemu, isiyo na sporani ya kuituliza, ikafuata mgongo wangu juu. Watu wa nyuma waliipata bukta yote, na namba yake. Nilichimba soksini, nikaitoa pete, nikaifuta kwenye koti, nikampa bwana harusi. Ndevu zake zilikuwa zikitetemeka. Sikuthubutu kumtazama mamake.

Nje kulikuwa na upepo, nami nimeshika kilti kwa mikono yote miwili kama mama aliyekosa pini. Bibi akanijia, mke wangu nyuma yake. Alitazama mbele yangu palipo patupu, kisha akakiona kipochi begani kwa mke wangu. Akanyoosha mkono. Mke wangu akampa bila kuuliza. Bibi akaizungusha kamba kiunoni kwangu, akaikaza kama anayefunga mzigo, akakivuta kipochi mpaka kikakaa sawasawa chini ya kitovu. Akarudi nyuma hatua moja kunikagua.

"Sasa umevaa," akasema.

Nilicheza nacho mpaka jioni. Nimehama tena mara kadhaa tangu hapo, na kikoi bado navaa, ila kibindo nimekistaafisha. Funguo na simu hukaa ndani ya zile shanga. Mke wangu hukidai kila tunapofungasha. Namwambia hicho si kipochi chake tena, amuulize yule bibi.