Machozi Melini, Posa Hounslow

Mwaka 2007 nilipigiwa simu mbili kutoka London katika wiki moja. Ya kwanza ilikuwa ya Salma, binti wa marehemu kaka yangu: "Ami, njoo uniozeshe." Ya pili ya mama yake, shemeji yangu Zuhura: "Shemegi, njoo ukatae." Walii wa kumwozesha ni mimi. Mchumba, Idi, ni muuguzi, anaswali, hata sigara havuti. Ila yake moja tu: bibi wa babu yake alikuwa mjakazi kwenye shamba la karafuu Pemba. Nikapanda ndege kwenda kuamua, nimejivika hekima kabla ya koti.

Heathrow, asubuhi. Zuhura alinichukua hadi kwake Hounslow, akanilisha mkate wa kumimina na malalamiko mpaka adhuhuri. Salma alisikiliza, kisha akasema, kwa Kiingereza kama watoto wote wa huko, kwamba Jumamosi atatutembeza.

Jumamosi alitupeleka makumbusho. Waingereza walikuwa wanaadhimisha miaka mia mbili tangu wapige marufuku biashara ya watumwa, na kwa majigambo yale ungedhani walioifanya ni majirani zao. Ndani walikuwa wamejenga kipande cha tumbo la meli. Mbao tupu, na dari iko chini hata mtu hawezi kuketi. Wanaume walifungwa miguu wawili wawili. Ndoo ya haja ilikuwa mbali. Aliyeshindwa kumburura mwenzake alijisaidia pale pale alipolala. Aliyekataa uji wa maharage alipanuliwa kinywa kwa chuma. Kuhara kuliua wengi, na asubuhi maiti alifunguliwa kutoka kwa aliye hai. Juu sitahani walichezeshwa kwa mjeledi, wafike Amerika na misuli yao.

Mama mwongozaji alitukaribisha tulale pale dakika moja, akatukumbusha pia kuwa mkahawa wa ghorofani una keki nzuri. Tukalala. Zuhura alilia mpaka mtandio ukaloa. Nami nililia, siwafichi. Tukawasomea Fatiha wote, bila kumuuliza hata mmoja ukoo wake.

Kwenye treni ya kurudi Salma aliuliza, "Ami, basi Idi?"

Zuhura akawahi: "Huruma mbali, mwanangu, na nasaba mbali."

Wakanitazama. Macho yangu yakiwa bado mekundu, nikasema tumwachie Mungu, jambo hili halitaki haraka. Aibu ilinishika pale pale, lakini sikurudisha neno langu.

Jumanne, uwanja wa ndege. Salma alinibebea begi, akasema, safari hii kwa Kiswahili: "Ami, shehe wa msikiti kasema walii akikimbia, ataniozesha yeye. Ndoa Ijumaa. Karibu."

Tiketi ningeweza kuibadilisha. Nikapanda ndege.

Nilichojifunza ni kwamba machozi yangu ni mepesi kwa waliokwisha kufa. Wale wa melini niliwalilia kwa moyo mweupe, maana hakuna hata mmoja wao atakayekuja kuposa kwangu.